Kifua cha Pili: Mapacha Njiti na Siku Zao za Mwanzo Songwe

Mkunga amempokea mtoto wa kwanza, amekata kitovu, na sasa anaweka kiganja juu ya tumbo la mama kuhakikisha mji wa mimba unakaza. Kiganja kinakutana na kichwa kingine. Wakunga wa zahanati za pembezoni wanaijua vizuri saa hii. Mama hakuwahi kupigwa ultrasaundi, kadi yake ya kliniki ina mahudhurio mawili, mimba inakadiriwa kuwa na wiki 32, na Doto, pacha wa pili, yuko njiani. Mkunga ni mmoja. Mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua ni mmoja. Nguo kavu zilizoandaliwa ni za mtoto mmoja. Kuanzia hapo kila kilichokusudiwa kwa mmoja kitagawanywa kwa wawili, na mgawanyo huo utaendelea kwa wiki nyingi: joto, maziwa, usingizi wa mama, nauli ya baba, hata huzuni.

Makala haya yanauchambua mgawanyo huo kwa kuitazama Tunduma na mkoa wa Songwe. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya tiba ya mtoto njiti katika siku za mwanzo hutoka kwenye mwili wa mzazi, yaani kifua chake na maziwa yake. Mapacha njiti wanaihitaji tiba hiyo mara mbili, na mama ana mwili mmoja ambao wenyewe umetoka leba au chumba cha upasuaji. Wahenga walishasema mkono mmoja haulei mwana. Kwa mapacha njiti, suala la nani analeta mkono wa pili, na kama hospitali, mwajiri na ukoo wanampa nafasi, ni suala la tiba kama lilivyo suala la oksijeni.

Udogo na uchanga

Neno njiti tumelichukua kwenye kisanduku cha kiberiti. Linaonyesha wembamba, na hapo ndipo linapoweza kutupotosha. Kitaalamu njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mtoto wa kilo 2 aliyezaliwa wiki ya 39 ni mdogo, lakini mapafu yake yamekomaa na anajua kunyonya. Mwenzake wa kilo 2 hizo hizo aliyezaliwa wiki ya 33 anaweza kuonekana mnono kuliko yeye, huku akisahau kupumua katikati ya usingizi. Ndugu wanaokuja kutazama huuliza kilo. Muuguzi huanza na wiki.

Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4 duniani, kama mtoto 1 kati ya 10, na matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto wa chini ya miaka mitano. Mapacha wamo kwa wingi katika kundi hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kati ya watoto 42 wanaozaliwa duniani, mmoja ni pacha, na Afrika ndiyo yenye mapacha wengi zaidi wanaopatikana kwa njia ya kawaida. Katika nchi zenye takwimu nzuri, zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Sababu zinaeleweka. Mji wa mimba hutanuka upesi, chupa hupasuka mapema, shinikizo la damu na kifafa cha mimba huwapata mama hawa zaidi, na wapo mapacha wanaotumia kondo moja ambapo mmoja humnyang'anya mwenzake damu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotokana na mama kupishana maneno na jirani au kubeba ndoo siku ya soko. Ninalitaja kwa sababu mama wengi huingia wodini wakiwa tayari wamehukumiwa nyumbani.

Tanzania ina jambo la kujivunia na jambo la kuhuzunisha katika takwimu zake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vifo vya watoto wachanga ndani ya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 vikafika 24. Mama anapona, mtoto aliyeuvuka mwezi wa kwanza anaishi, ila mlango wa mwezi huo wa kwanza umebaki mwembamba karibu vile vile. Wanaokwama mlangoni kwa wingi ni njiti, na pacha huukuta mlango huo akiwa na mwenzake.

Nyanda za baridi, barabara moja

Songwe ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.3. Makao makuu ni Vwawa wilayani Mbozi, lakini mji mkubwa ni Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, ambako mizigo ya Zambia na Kongo hupita na malori hupanga foleni inayojulikana nchi nzima. Huduma kubwa bado zinatazama Mbeya. Hata uwanja wa ndege unaoitwa Songwe uko ndani ya mkoa wa Mbeya.

Kwa mtoto njiti jiografia hii ina maana ya moja kwa moja. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi zake zina baridi kali. Momba iko bondeni kwenye joto, Ileje iko milimani, na kutoka huko hadi barabara ya lami ni safari yenyewe. Ngazi za rufaa zinapanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo kitengo chake cha wazazi kiko Meta. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100 kwa barabara ile ile ya malori. Mtu mzima huihesabu safari hiyo kwa saa. Njiti wa kilo 1.4 huihesabu kwa nyuzi za joto anazopoteza.

Kwa hiyo wataalamu wa uzazi husema gari bora la kumsafirisha njiti ni tumbo la mama yake. Mimba ya mapacha ikijulikana mapema, mama anaweza kusogea karibu na hospitali yenye wodi ya watoto wachanga kabla ya uchungu kuanza. Shirika la Afya Duniani linashauri ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na kwa mimba ya mapacha kipimo hicho kimoja kinabadilisha mpango mzima. Ikishindikana, upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao kwa simu ya bure ya 115 humtafutia mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo inastahili kuandikwa ukutani katika kila nyumba ya Chapwa, Sogea na Mpemba mjini Tunduma, na kila kijiji cha Kamsamba kule Momba. Na mtoto anapopandishwa garini akiwa anapumua mwenyewe, mahali pake pazuri ni kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kitenge na blanketi juu.

Pumzi, joto, tone la maziwa

Siku tatu za kwanza za njiti zina hatari tatu zinazoshikana mikono. Akipoa, mwili unachoma sukari kidogo aliyonayo ili kujipasha. Sukari ikishuka, anazidi kulegea. Akilegea, anapumua kwa shida, na oksijeni ikipungua anapoa zaidi. Mnyororo huu unaweza kuanzia kwenye jambo dogo kabisa: taulo lililolowa ambalo halikubadilishwa, au Kulwa, pacha wa kwanza, kuachwa pembeni bila kufunikwa wakati wote wanahangaika na Doto.

Pumzi ndiyo iliyowatisha madaktari kwa miaka mingi. Agosti 1963 mtoto wa Rais wa Marekani, Patrick Bouvier Kennedy, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 2, akafariki kabla ya kutimiza siku mbili kwa sababu mapafu yake hayakukomaa. Baba yake alikuwa na uwezo wa kumwita daktari yeyote duniani, lakini tiba yenyewe ilikuwa haijavumbuliwa. Leo mtoto wa umri na uzito huo anatarajiwa kuishi katika hospitali nyingi za kawaida, na njia iliyotufikisha hapo haikuhitaji mashine kubwa peke yake. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano za steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Hizi ndizo sindano za kukomaza mapafu ambazo wauguzi wetu huzitaja. Ni za bei nafuu. Zina masharti yake, na mawili kwetu ni magumu: umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, na mama awe mahali ambapo mtoto atahudumiwa akizaliwa. Ile ultrasaundi ya kabla ya wiki 24 inarudi tena kwenye hesabu.

Baada ya kuzaliwa, msaada wa kupumua unaofaa sana katika hospitali zetu ni ule wa chupa ya mapovu. Hewa yenye oksijeni huingia puani kwa mirija miwili midogo, na mwisho mwingine wa mrija huzamishwa sentimita chache ndani ya chupa ya maji. Kina cha maji ndicho kinachoweka shinikizo la kuyazuia mapafu yasijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Mzazi aliyekaa usiku kucha karibu na chupa hiyo hujifunza kuisikiliza. Mapovu yakikatika, mrija umetoka puani au maji yamepungua, na yeye ndiye anayemwita sista kabla king'ora chochote hakijalia. Huyo tayari ni sehemu ya timu, hata kama hakuna aliyemwambia.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mtoto wa kilo 1.5 akianzishiwa mililita 60 kwa kilo siku ya kwanza, atahitaji mililita 90 kwa saa 24. Akilishwa kila baada ya saa mbili, kila mlo ni mililita 7.5, kijiko cha chai kimoja na nusu. Mama huyakamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe safi, matone ya njano ya dang'a, na muuguzi huyapitisha taratibu kwenye mpira mwembamba uliopita puani au mdomoni hadi tumboni. Kwa macho ya bibi aliyezoea mtoto wa kilo 3 anayenyonya hadi jasho limtoke, kijiko kimoja na nusu ni njaa. Ndipo yanapoletwa maji ya sukari na ushauri wa uji mwepesi. Tumbo la njiti haliwezi kuvihimili. Dang'a ile ndogo ndiyo chakula chake na ndiyo kinga yake dhidi ya maambukizi, na maambukizi huua njiti wengi baada ya zile siku tatu kupita. Manjano ya ngozi na macho, kupungua uzito wiki ya kwanza, na pumzi kukatika kwa sekunde kadhaa ni mambo ambayo mzazi aambiwe mapema, ili yasimkute peke yake usiku wa manane.

Kifua kama kitanda

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, na maambukizi yalikuwa yanawamaliza wale waliolazwa pamoja. Akawaomba mama wawabebe vifuani. Huo ndio mwanzo wa huduma ya kangaruu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba inafaa baada ya mtoto kutulia, na kwamba mgonjwa mahututi akae kwanza kwenye mashine, mbali na mama. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliigeuza imani hiyo. Njiti wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla ya kutulia, walilinganishwa na waliosubiri kwanza. Kati ya waliosubiri, asilimia 15.7 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliowekwa kifuani mapema, asilimia 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Namba ya utafiti huo inayowahusu mapacha ni ya saa. Watoto wa kundi la mapema walikaa kifuani kama saa 17 kwa siku. Wenzao walikaa saa moja na nusu.

Fikiria maana ya saa 17 kwa mama mwenye watoto wawili. Anaweza kuwabeba wote pamoja, na wengi hufanya hivyo. Watoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, huwekwa wima katikati ya maziwa, nyuso zimegeukiana, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kitenge huzungushwa na kukazwa hadi usawa wa masikio yao ili vichwa visianguke mbele na kuziba koo. Mji unaouza vitenge kama Tunduma haukosi kitambaa cha kazi hiyo. Lakini hesabu ya siku inabaki palepale. Milo 12 kwa kila mtoto ni milo 24. Kila mlo ukichukua dakika 20, ni saa 8. Kukamua maziwa mara 8 kwa siku, nusu saa kila mara, ni saa 4 nyingine. Tumeshafika saa 12, na mama hajala, hajaoga, hajalala, hajasafisha kidonda cha upasuaji, hajaitwa na daktari. Na ni lazima ale, kwani maziwa ya watoto wawili yanatoka kwenye uji wake wa ulezi, maharage yake na maji anayokunywa. Titi linalokamuliwa mara nyingi hutoa mengi, hivyo mama anaweza kuwatosheleza wawili. Kinachomkwamisha ni uchovu na upweke kabla ya titi lenyewe.

Baba, bibi, na nafasi ya kukaa

Kifua cha pili kinaweza kuwa cha baba. Joto la ngozi yake linamfaa mtoto, na mapigo ya moyo wake humkumbusha kupumua. Tunduma baba huyu mara nyingi ni dereva aliyelala na lori lake Nakonde, dalali wa mahindi, mbadilisha fedha au bodaboda, mtu ambaye siku asiyokwenda kazini hakuna kilichoingia nyumbani. Hapo hapo, nauli ya Mbeya na chakula cha mama wodini vinamtegemea yeye. Akija, hukutana na mlinzi na saa za kutazama wagonjwa. Husimama dirishani, huacha mfuko wa matunda, huondoka. Wodi zetu zimejengwa kwa wazo kwamba baba ni mgeni. Zipo sababu za haki, kwa kuwa wanawake wengine wamelala humo wakiwa wamejifunua na heshima yao lazima ilindwe. Pazia, kiti cha kuegemea na saa maalumu za akina baba vinaweza kulimaliza jambo hilo kwa gharama ndogo.

Wengine watasema mila haziruhusu. Mila zetu zina mengi kuliko hayo. Kibemba, lugha inayosikika sana kwenye masoko ya mpaka huu, humwita mama wa mapacha nampundu na baba yao shimpundu. Baba anapata cheo kipya kwa kuzaliwa mapacha. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa jirani zetu miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1957, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kwamba kuzaliwa mapacha kulihesabiwa jambo zito na la hatari, na matambiko yake yaliwahusu wazazi wote wawili na ndugu zao. Hofu iliyokuwamo hatuna haja ya kuirithi. Lakini wazee wale waliona jambo la kweli, kwamba mapacha wakizaliwa ukoo mzima una kazi. Njiti wawili wodini wanatupa sababu ya kuikumbuka kazi hiyo.

Kifua kingine ni cha bibi, shangazi au dada. Kwa familia nyingi za Songwe huyu ndiye anayepatikana kwanza, na ndiye anayekuja na mamlaka. Akifundishwa siku ya kwanza kufunga kitenge, kuosha mikono na kuhesabu mlo, mama hupata saa nne za usingizi bila wasiwasi. Akiachwa nje ya mafunzo, atayaleta maarifa aliyonayo, na maji ya sukari yatapita mlangoni ndani ya chupa ya chai. Muuguzi anayemwambia, "Bibi, mshike huyu Doto mpaka mama yake aamke, kofia isivuke nyusi," amempa mgonjwa wake tiba ambayo haimo kwenye orodha ya bohari.

Sheria nayo imeanza kumwona mzazi huyu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa siku 3. Kwa miaka kadhaa Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ilipiga kampeni kwamba siku zinazotumika wodini zisilipwe kwa likizo ya kulea. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yaliongeza kipindi cha hadi kutimia wiki 40 za mimba kwa mama wa njiti, na kumpa baba wa njiti siku 7. Mama aliyejifungua mapacha wiki ya 32 anapata wiki nane za nyongeza. Hiyo ni hatua ya kupongezwa kwa dhati.

Ila sheria hiyo inamlinda mwenye mkataba wa ajira. Mama anayepanga nguo Majengo mjini Tunduma, mkulima wa kahawa Mbozi, mvuna mpunga wa Momba hana mwajiri wa kumdai likizo. Likizo yake ni akiba yake, na akiba hiyo huisha kabla njiti hawajafika kilo 2. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, ambavyo wanawake wa mji huu wanavitegemea, vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Vikiongeza mstari wa mama aliyelazwa na njiti, kwa kumsimamishia marejesho ya mkopo na kumtumia nauli ya msaidizi mmoja, vitakuwa vimefanya kwa wanachama wao kile ambacho sheria imefanya kwa wenye ajira.

Mmoja akibaki

Kuna siku ambayo hatuizungumzi. Kila mtoto mkononi ana plasta yenye jina la mama na namba, 1 au 2. Asubuhi moja plasta moja hubanduliwa.

Mama aliyepoteza pacha mmoja anaombwa kufanya mambo mawili yasiyopatana, azike na anyonyeshe. Maziwa yake hayajui kwamba mtoto mmoja ameondoka; hujaa kwa wawili. Ndugu, kwa nia njema, humwambia amshukuru Mungu aliyemwachia mmoja, na wauguzi humhimiza ajikaze kwa ajili ya aliyebaki. Maneno hayo humfundisha kwamba kilio chake ni utovu wa shukrani. Wapo wanaoogopa kumshika aliyebaki, wasije wakampenda kisha naye akaondoka, na saa za kifuani hupungua wakati zinapohitajika zaidi. Kwa hiyo kumpa mama nafasi ya kulia ni kumtibu mtoto aliye hai. Amwone marehemu akitaka, amshike, ampe jina, baba ashirikishwe, na mtu mwingine ambebe aliyebaki saa hizo chache ili asipoe. Kifua cha pili kinahitajika siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Na jina lisifutwe. Doto aliyebaki peke yake ataitwa Doto maisha yake yote, na kila atakayemwita atakuwa anasema kwamba walikuwa wawili.

Jina kwenye kadi

Hospitali zinahitaji oksijeni ya uhakika, umeme usiokatika, mashine za mapovu, na wauguzi ambao hawahamishwi mara tu wanapobobea wodi ya watoto wachanga. Madai hayo ni ya lazima na yaendelee kudaiwa. Lakini wodi yenye mashine mpya ambayo mama wa mapacha analala kwenye benchi la korido, akiitwa kila baada ya saa mbili kuja kukamua, bado haijakamilika. Kila kitanda cha mtoto kiwe na kitanda cha mzazi karibu yake. Mama na watoto wasitenganishwe kwa rufaa. Akihamishwa mmoja, mpango uwe wa wote. Pacha aliyepona kwanza asiruhusiwe kurudi Tunduma wakati mwenzake yuko Meta, kama familia haiwezi kuwa sehemu mbili. Na wakitoka, tarehe ya kurudi kupimwa uzito, macho na masikio iandikwe kwa ajili ya wote wawili, siku moja, nauli moja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halihitaji bajeti. Kadi ya kliniki huandika shinikizo la damu, wingi wa damu, na tarehe ya matarajio. Siku ultrasaundi inapoonyesha vichwa viwili, muuguzi aongeze mstari mmoja kwa kalamu. Amuulize mama, "Hawa wakija mapema, nani atakaa na wewe wodini?" Mama anaweza kunyamaza kidogo, akimpitisha mmoja mmoja moyoni: mume aliye safarini, mama mkwe aliyeko Ileje, mdogo wake anayeuza duka. Muuguzi asigeuze ukurasa mpaka jina litajwe, liandikwe pamoja na namba ya simu, na mwenye jina aambiwe aje hudhurio lijalo, naye afundishwe kufunga kitenge.